ASILIMIA MOJA ILIYOPITA DIRISHANI

Wasomaji wetu wa sehemu za Meru hawajasahau Jumapili ya tarehe 1 Aprili 2012. Siku ile watu wa Usa River, Tengeru, Akheri, Poli, King'ori na vijiji vya tambarare mpaka Mbuguni walipanga mistari tangu asubuhi kumchagua mbunge mpya wa Arumeru Mashariki, maana mbunge wao, Bwana Jeremiah Sumari, alikuwa amefariki dunia mwezi wa Januari. Chama cha Mapinduzi kilimsimamisha mwana wa marehemu, Bwana Sioi Sumari, kijana mwanasheria, tena mkwe wa Bwana Edward Lowassa aliyekuwa Waziri Mkuu. Chadema nao walimsimamisha Bwana Joshua Nassari. Wiki nyingi magari yenye vipaza sauti yalikuwa yakipanda na kushuka milimani, hata mtu aliyekwenda kukata majani ya ng'ombe alirudi na kofia ya chama. Kura zilipohesabiwa, Bwana Nassari alikuwa na 32,972, na Bwana Sioi 26,757. Watu wakarudi kwenye migomba na kahawa yao.

Basi, tarehe ile ile, miaka minne baadaye, yaani 1 Aprili 2016, Bwana Sioi alisimama mbele ya hakimu katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Hakuwa peke yake. Kando yake alisimama Bwana Harry Kitilya, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato tangu 2003 hata 2013, na Bibi Shose Sinare, ambaye wengi walimjua kwanza kwa taji la Miss Tanzania la mwaka 1996, na ambaye baadaye alipanda cheo hata kuwa mkuu wa idara ya wateja wakubwa na uwekezaji katika Benki ya Stanbic Tanzania. Bwana Sioi mwenyewe alikuwa mwanasheria wa benki hiyo. Mambo ya kura na vyama hayakuwamo katika hati ya mashtaka. Waliulizwa juu ya dola milioni 6 za Marekani.

Habari hiyo ilisemwa sana wakati ule, lakini ilisemwa kwa vipande: leo jina la mrembo, kesho jina la mkubwa wa kodi, kesho kutwa jina la mtoto wa mbunge. Watu walikumbuka majina, wakasahau fedha. Nataka kuieleza tangu mwanzo wake, kwa sababu fedha zile zilikuwa sehemu ya deni, na deni lile tulilipa sisi sote, pamoja na bibi kizee wa Ngarenanyuki ambaye hajaingia katika benki yoyote tangu azaliwe.

DALALI WA MKOPO

Kwanza sharti tuelewe kazi yenyewe. Benki tunayoijua vijijini ni ile ya dirisha: unaweka akiba, unachukua akiba, na ukiwa na shamba lenye hati unaomba mkopo. Kuna kazi nyingine ya benki ambayo wengi hatuioni. Serikali au kampuni kubwa inataka fedha nyingi mno, kiasi ambacho benki moja haiwezi kukitoa mfukoni mwake. Hapo benki huandika hati ya mkopo, huipeleka kwa wenye mali wa London, New York na kwingineko, huwashawishi kila mmoja achukue kipande chake, kisha huwakusanyia fedha na kumkabidhi mkopaji. Kwa taabu hiyo benki hukata ujira.

Mama anayeteremsha mikungu ya ndizi katika soko la Tengeru atasema: kumbe huyo ni dalali tu! Naam, hakukosea. Ni dalali aliyevaa tai. Wala udalali si dhambi. Dalali mwema anamjua mnunuzi ambaye wewe humjui, anakuokolea siku nzima ya kusimama juani, na anastahili chake. Lakini mama huyo huyo anajua pia maswali ya kumwuliza. Unakata kiasi gani? Mbona jana ulikata kidogo na leo umezidisha? Na huyu mwingine aliyesimama nyuma yako, anayetaka naye apewe, amebeba mkungu gani?

Haya maswali matatu ya sokoni yashikeni vizuri, kwa maana kesi nzima imo ndani yake.

Mwaka 2012 Serikali ya Tanzania ilikuwa ikitafuta fedha za kutimiza Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano ulioanza mwaka 2011. Benki ya Stanbic Tanzania pamoja na ndugu yake wa London, Standard Bank Plc, zote mbili zikiwa watoto wa kampuni moja kubwa ya Afrika Kusini, zilijitolea kuitafutia Serikali dola milioni 600. Mwanzoni zilitaja ujira wa 1.4 katika mia, yaani dola milioni 8.4. Shauri likakaa, likalala. Lilipoamka tena mwezi wa Septemba 2012, ujira ulikuwa umekuwa 2.4 katika mia, yaani dola milioni 14.4. Katika mia ileile ya ujira ilikuwa imeongezeka moja.

Asilimia moja ni kitu gani? Mtoto wa darasa la nne atakuambia ni kidogo. Lakini asilimia moja ya dola milioni 600 ni dola milioni 6, na kwa bei ya dola ya siku zile, yapata shilingi 1,600, hizo ni kama shilingi bilioni 9.6.

Hiyo moja haikukusudiwa kwa benki. Ilikuwa ya kampuni ya hapa hapa nchini iliyoitwa Enterprise Growth Market Advisors, kwa kifupi EGMA, ambayo ilisemekana kuwa mshirika wa benki katika kazi ile. Mwenyekiti wa EGMA alikuwa Bwana Kitilya, naye wakati huo huo alikuwa bado Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato, mtumishi wa Serikali ile ile iliyokuwa ikikopa. Mkurugenzi mwingine aliwahi kuwa mkuu wa mamlaka ya kusimamia masoko ya mitaji. Wakati jambo hili lilipochunguzwa baadaye na kufika mbele ya jaji wa Uingereza, hakukuonekana ushahidi wa kazi yoyote ambayo EGMA iliifanya katika mkopo ule. Huyu ndiye mtu wa tatu wa sokoni, aliyesimama nyuma ya dalali pasipo mkungu.

HESABU YA KILA KICHWA

Hebu tupige hesabu ya nyumbani. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu karibu milioni 45 katika Tanzania. Ukigawa ule mkopo wote kwa vichwa, kila mtu, pamoja na mtoto aliye mgongoni, alikopewa kama shilingi 21,000. Nyumba ya watu sita ilichukua deni la zaidi ya shilingi 125,000 bila kuulizwa. Si lazima liwe jambo baya. Barabara na umeme havijengwi kwa maneno. Lakini ukigawa ile asilimia moja ya EGMA, kila kichwa kilitoa kama shilingi 214.

Ni nani atakayekwenda mahakamani kwa shilingi 214? Ni nani atakayeacha kupalilia mahindi yake akaulize habari ya senti kama hizo? Fedha ya namna hii haimwumizi mtu mmoja hata akapiga kelele. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba hiki kilikuwa kinajaa katika nyumba ya mtu mwingine.

Watu wa Meru wanaielewa hesabu hii kuliko wengi. Mwaka 1951 Serikali ya Kiingereza ilipowafukuza Wameru katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi, watu walichanga shilingi kwa shilingi, na kwa mchango huo Kirilo Japhet akasafiri mwaka 1952 hata New York kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa, pamoja na mwanasheria Earle Seaton. Ardhi haikurudishwa siku ile. Hata hivyo, aliyetoa shilingi yake aliijua kazi yake: ilimvusha mtu bahari na kumweka mbele ya wakubwa wa dunia. Shilingi 214 za mwaka 2013 hazikuchangwa na mtu. Zilikatwa katika mkopo wenyewe, kabla Hazina haijaushika.

Tena angalieni jambo moja ambalo hupita bila kusemwa. Mkopo ule ulikuwa na riba iliyopanda na kushuka kufuata soko la London, na juu yake ikaongezwa sehemu sita katika mia. Sehemu hizo sita peke yake, kabla deni halijaanza kupunguzwa, zilikuwa dola milioni 36 kwa mwaka mmoja. Muda wa kulipa ulikuwa miaka saba, hata mwaka 2020. Kwa hiyo ile milioni 6 ya EGMA nayo ilikuwa imekopwa, na juu yake nayo tulilipa riba. Ni kama mtu anayekopa ili apate kuibiwa.

SIKU KUMI ZA MWEZI WA MACHI

Mkopo ulikamilika mwanzoni mwa mwezi wa Machi 2013. Fedha za EGMA ziliingizwa katika akaunti yake, nayo akaunti hiyo ilikuwa imefunguliwa katika Stanbic yenyewe. Kisha zikaanza kutolewa. Kati ya tarehe 18 na tarehe 27 Machi, muda wa siku kumi tu, zilitolewa dola milioni 5.2 taslimu. Si kwa hundi, wala kwa kuhamishwa akaunti kwenda akaunti. Zilipita dirishani.

Jaribuni kuona kiasi hicho kwa macho. Kama ungekihesabu kwa noti zetu za shilingi 10,000, zilizofungwa mia mia, ungepata mabunda 8,300 na zaidi. Karani mmoja akihesabu bunda moja kwa dakika moja, bila kula wala kulala, angekaa siku tano na usiku wake, na hesabu bado ingekuwa mbele yake.

Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana katika habari hii nzima yenye mabenki ya London, mawakili, makamishna na wabunge, jambo lililoifungua lilianzia kwa watumishi wa kawaida wa tawi la Tanzania. Wao ndio walioziona fedha zikitoka. Wao ndio waliojua kwamba kampuni inayolipwa ujira wa ushauri haina sababu ya kubeba ujira wake wote kwa magunia ndani ya siku kumi. Mwishoni mwa Machi ile ile walipeleka wasiwasi wao kwa wakubwa wao, habari ikafika makao makuu ya Johannesburg, ikafika London, na tarehe 18 Aprili 2013 benki ilipeleka taarifa kwa wakuu wa upelelezi wa Uingereza. Siku sita baadaye, tarehe 24, ikapeleka taarifa kwa ofisi ya Uingereza inayoshughulikia udanganyifu mkubwa.

Nadhani kila mtu aliyewahi kuajiriwa anajua uzito wa jambo walilolifanya. Mkubwa wa idara anataka jambo liende. Mkurugenzi anataka liende. Jina la mteja ni la mtu ambaye kila mwenye duka nchini humwogopa, maana ndiye anayekusanya kodi. Na wewe uko dirishani, una watoto shuleni na kodi ya nyumba, nawe unatakiwa kuandika katika karatasi kwamba fedha hizi hazinipendezi. Wangeweza kunyamaza. Fedha zilikuwa zimekwisha kutoka, na karatasi zote zilikuwa na sahihi za watu wazima. Hakuna ambaye angewalaumu.

Bibi Sinare aliiacha kazi katika mwezi wa Juni mwaka huo. Benki ikaajiri mawakili wa kuchunguza mambo yake yenyewe, wakapekua barua na kuhoji watu kwa mwaka mzima na zaidi, kisha wakaukabidhi uchunguzi wao kwa Waingereza.

HUKUMU YA LONDON

Tarehe 30 Novemba 2015 shauri lilifika mbele ya jaji Sir Brian Leveson mjini London. Lilikuwa shauri la namna mpya kabisa katika Uingereza. Sheria iliyoanza kutumika huko mwaka 2014 inairuhusu kampuni iliyokosa kukubaliana na mwendesha mashtaka: inakiri mambo yalivyotendeka, inalipa faini, inarekebisha mwendo wake, nayo mashtaka yanaahirishwa. Ikitimiza masharti, yanafutwa. Benki ile ya London ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupatiwa makubaliano hayo.

Kosa lake halikuwa kutoa rushwa kwa mkono wake. Lilikuwa kushindwa kuizuia. Wale wa London walitegemea ndugu zao wa Dar es Salaam waipime EGMA, wale wa Dar es Salaam ndio waliokuwa wakiileta EGMA mezani, na hakuna mtu wa London aliyeuliza swali ambalo mama wa Tengeru angeliuliza kwanza: huyu ni nani, na amefanya nini? Jaji alikubali kwamba hapakuonekana ushahidi kuwa mtu wa London alijua. Kutokujua kwao, hata hivyo, hakukuwaokoa.

Benki iliagizwa kulipa faini ya dola milioni 16.8, na kutoa faida yake yote ya dola milioni 8.4. Jumla dola milioni 25.2, nazo zikaenda katika mfuko wa Serikali ya Uingereza. Wamarekani nao walidai yao dola milioni 4.2, maana hati za mkopo ziliuzwa pia kwao. Tanzania ilirudishiwa zile dola milioni 6 na riba yake, kama dola milioni 7 kwa jumla.

Hapo wengi walikunja uso, na mimi nilikuwa mmoja wao. Aliyekopa ni Tanzania, aliyekatwa ni Tanzania, atakayelipa mpaka 2020 ni Tanzania. Lakini fungu kubwa la faini likakaa London. Waliotetea hukumu walisema kwamba fidia hurudisha hasara tu, na faini ni ya nchi ambayo sheria yake imevunjwa. Ni kweli kwa kitabu. Katika kijiji, mwizi wa ng'ombe akikamatwa huko alikouzia, mwenye ng'ombe akarudishiwa ng'ombe wake na mwenye soko akapewa faini ya ng'ombe wanne, wazee wangekaa chini tena kulitazama shauri hilo.

Kuna jambo jingine ambalo haki inatutaka tuliseme. Makubaliano yale ya London yalikuwa kati ya watu wawili tu, benki na mwendesha mashtaka. Bwana Kitilya hakuwapo, Bibi Sinare hakuwapo, Bwana Sioi hakuwapo, wala hawakuulizwa lolote mbele ya jaji yule. Benki ilikuwa na sababu zake za kulimaliza jambo upesi. Mtu akitajwa katika kikao ambacho hakuitwa, sharti tungoje kumsikia mwenyewe.

Na kwa nini tungoje? Siku chache kabla ya hukumu ya London, mbali kabisa huko Brazil, polisi walimkamata benki mashuhuri kuliko wote wa nchi hiyo, Bwana André Esteves. Huyo aliingia katika benki ya Pactual mwaka 1989 kama fundi wa kompyuta, akapanda hata akawa mmoja wa wenye benki. Mwaka 2006 Pactual ikauzwa kwa Waswisi wa UBS, na mwaka 2009 yeye na wenzake wakainunua tena. Tarehe 25 Novemba 2015 aliwekwa gerezani kwa kushukiwa kwamba alitaka kumnyamazisha shahidi katika kesi kubwa ya rushwa ya kampuni ya mafuta ya Petrobras. Watu wengi walimhukumu asubuhi ile ile kwa sababu ya utajiri wake. Mwezi wa Julai 2018 jaji alimwachilia kwa kuwa hakuna ushahidi wa kutosha, naye akarudi katika kazi yake. Utajiri unaweza kuficha kosa, lakini si ushahidi wa kosa.

MIAKA YA MAHABUSU

Kwetu mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Mwanzoni mwa mwaka 2016 Benki Kuu iliitoza Stanbic Tanzania faini ya shilingi bilioni 3. Kisha ikaja ile tarehe 1 Aprili. Mashtaka yalikuwa ya kula njama, kughushi na kutakatisha fedha, na hili la mwisho ndilo lililokuwa zito, kwa sababu sheria haikutoa dhamana kwa mtu aliyeshtakiwa kwa kutakatisha fedha. Washtakiwa waliyakana. Hakimu aliliondoa shtaka hilo, Mahakama Kuu ikalirudisha, nao wakarudi mahabusu.

Walikaa. Mwaka 2016 ukaisha, 2017 ukaisha, 2018 ukaisha. Upelelezi haujakamilika, kesi imeahirishwa, haujakamilika, imeahirishwa. Mwezi wa Januari 2019 Mkurugenzi wa Mashtaka aliiondoa kesi mahakamani, wakaonja uhuru kwa muda mfupi, kisha wakakamatwa tena na kusomewa mashtaka 58 pamoja na watu wawili waliokuwa maofisa wa Wizara ya Fedha.

Najua wapo wanaosema, waache wakae, nani alisikitika juu ya shilingi zetu? Mimi sisemi hivyo. Bibi mwenye watoto, na mzee aliyekwisha kustaafu, wakikaa miaka minne mahabusu bila kesi yao kusikilizwa, hiyo ni adhabu iliyotangulia hukumu. Na katika mahabusu hizo hizo walikuwamo vijana wa vijijini ambao hakuna gazeti lililoandika majina yao, walioshikwa kwa mambo madogo na kungoja vile vile. Kama tunaona vibaya fedha kutoka kabla ya kazi kufanyika, tuone vibaya pia adhabu kutoka kabla ya kosa kuthibitishwa.

Mwezi wa Agosti 2020 kesi ilikwisha, lakini haikwisha kwa kusikilizwa. Washtakiwa wote watano walipatana na Mkurugenzi wa Mashtaka. Walikiri kosa moja, la kuisababishia Serikali hasara. Yale mengine yakafutwa. Mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, na fidia ya shilingi bilioni 1.5 kwa Serikali. Wakalipa, wakaenda nyumbani.

Patano la namna hiyo lina faida yake. Serikali inapata fedha, mshtakiwa anapata uhuru, na mahakama inapata nafasi ya kesi nyingine. Lina hasara moja. Kesi isiyosikilizwa haina mashahidi wanaosimama kizimbani na kuulizwa maswali mbele ya watu. Kwa hiyo ile habari ya dola milioni 5.2 zilizopita dirishani katika siku kumi, zilibebwa katika nini, zikapelekwa nyumba gani, zikagawanywa kwa mikono mingapi, haikupata siku yake mahakamani.

Mwaka huo huo wa 2020 ndio uliokuwa mwaka wa mwisho wa kulipa ule mkopo. Fungu baada ya fungu, kila miezi sita, Hazina ilikuwa ikipeleka fedha kwa wenye hati, kutoka katika ushuru wa sukari, wa mafuta ya taa na wa simu, ambao bibi kizee wa Ngarenanyuki naye aliulipa kila alipokwenda dukani.

Nilipopita Tengeru siku ya soko, mikungu ilikuwa imepangwa chini ya miti, na dalali mmoja alikuwa akibishana na mama juu ya shilingi mia tano. Alisema amezidisha kidogo tu, kwa ajili ya mwenzake. Yule mama alimtazama huyo mwenzake tangu kichwani hata miguuni, akamwuliza amebeba nini. Mtu yule hakuwa na jibu. Mama akainua mkungu wake, akausogeza kwa mnunuzi mwingine.